Honi ya injini ya boti ikilia baharini: anza na maji, waya baadaye

Julai, kusi limeshika, tunavuka kutoka Kunduchi, Dar es Salaam, kwenda kisiwa cha Mbudya na abiria tisa. Boti ni ya faiba, nyuma kuna Yamaha ya nguvu farasi 75, tu-stroki (ile inayochoma oili pamoja na petroli; foo-stroki ina oili yake ndani kama gari). Tumefika katikati ya safari honi ikaanza: piiiiii, mlio mmoja usiokata. Papo hapo mashine ikalegea yenyewe, kama kuna mtu ameishika shati kwa nyuma. Kijana wangu wa boti akairukia pampu ya mkono ya petroli akaanza kuiminya kama anakamua ng'ombe. "Kabureta hiyo, mjomba!" Mimi nikageuka kutazama tundu la kukojolea, pale ubavuni mwa mashine panaporuka maji ya kupozea, tunayoyaita mkojo. Kavu. Hata tone.

Tukatupa nanga, tukazima, tukainua mashine. Mguu wote, ile sehemu inayozama majini, umevishwa nailoni nyepesi, ya aina ile inayofungiwa godoro jipya. Imelalia matundu ya kunyonyea maji pande zote mbili, imebana kama ngozi ya ngoma. Tukaichana kwa kisu. Tukakaa dakika kumi na tano abiria wakipiga picha, nikawasha, mkojo ukatoka, safari ikaendelea. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, lakini nailoni za kufungashia vitu bado zipo, na mvua za masika zikiisomba takataka ya Mto Msimbazi, mwisho wake ni kwetu sisi wa baharini.

Kijana simlaumu. Mashine ikikosa nguvu, akili ya kwanza inakwenda kwenye petroli. Ila mashine inayokosa petroli hukohoa, ikazima. Haipigi honi. Honi kwenye injini nyingi za kupachika tunazotumia huku ina maneno mawili tu: joto limepanda, au oili imepungua. Mengine yapo, nitayataja, lakini hayo mawili ndiyo ya kuanza nayo, na katika hayo mawili anza na joto.

Dakika ya kwanza

Punguza moto (yaani kasi ya mashine) taratibu, toa gea, tazama mkojo. Maji hayatoki kabisa? Zima sasa hivi, usijiambie "pale ni karibu". Maji yanatoka? Iache kwenye sailensa, mzunguko wa chini kabisa bila gea, dakika moja au mbili, weka kidole kwenye maji. Vuguvugu ni sawa. Yakikuunguza, au ukiona mvuke, zima. Kama taa iliyowaka ni ya oili, zima bila mjadala, hasa kama mashine ni foo-stroki.

Kabla hujagusa kifuniko, tupa nanga. Nimewaona watu wawili wameinama juu ya mashine na spana zao huku kusi linawapeleka polepole kwenye mwamba, hakuna anayetazama. Abiria wavae jaketi za kuokolea mapema, bahari ikiwa bado shwari na hakuna aliyeogopa. Kama una redio, chaneli ya dharura ni 16.

Jambo moja linawachanganya wengi: honi ikinyamaza, nguvu hairudi hapo hapo. Mashine imejifunga makusudi. Yamaha nyingi hushuka zenyewe hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, na hubaki hapo mpaka joto lishuke na wewe urudishe moto chini kabisa, au uzime na kuwasha upya. Ukilazimisha kwa kuvuta moto hadi mwisho hupati kitu. Na usimwage ndoo ya maji ya bahari juu ya injini iliyochemka. Chuma chenye moto hakipendi kushtuliwa.

Sikiliza inavyolia

Yamaha hutumia mlio ule ule mrefu kwa joto na kwa oili, kwa hiyo taa za kwenye dashibodi au mbele ya kifuniko ndizo za kukutenganishia. Mercury za tu-stroki zenye tenki lao la oili hutofautisha kwa sauti: mlio wa mfululizo ni joto, mlio wa kukatakata ni oili. Mashine nyingine hupiga "pi" moja unapofungua ufunguo. Hiyo ni salamu, inajipima tu.

Suzuki za foo-stroki zina tabia ya kukumbusha kumwaga oili: baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100, honi inapiga na taa ya oili inamweka. Bwana mmoja wa Msasani alivutwa na boti nyingine kutoka kisiwa cha Bongoyo mpaka ufukweni, kamba, gharama na aibu juu, kumbe mashine ilikuwa inamkumbusha huduma. Oili ilikuwa imejaa mpaka alama ya juu.

Baadhi ya Yamaha za foo-stroki zina swichi ndani ya chujio la petroli. Zikikuta maji kwenye mafuta, honi hulia kwa kukatakata ukiwa umetoa gea tu, ukiweka gea inanyamaza. Ukisikia hivyo, mwaga maji kwenye kikombe cha chujio, halafu ukaulizane vizuri na aliyekuuzia petroli ya kwenye dumu.

Ukizima mashine ya moto dakika chache kisha ukawasha, honi inaweza kulia sekunde kadhaa, halafu ikanyamaza. Joto lililobaki ndani lilipanda wakati maji yamesimama. Ikinyamaza yenyewe na mkojo ni mzuri, endelea.

Maji hayatoki, au yanatoka kama ya mzee

Kwanza matundu ya kunyonyea, pale juu kidogo ya pangaboi. Nailoni, majani ya bahari, kipande cha nyavu. Boti zinazolala majini miezi mingi huota vile vidudu vinavyoganda kama saruji hadi ndani ya tundu, na hivyo havitoki kwa kidole. Usitoboe na bisibisi kwa hasira ukapasua wavu wake.

Pili, tundu la kukojolea lenyewe. Mara nyingi mashine inapozwa vizuri kabisa ila kijitundu kimeziba mchanga au chumvi. Boti ikikaa nchi kavu, nyigu wa matope hupaona pazuri pa kujengea. Chukua mshipi mnene wa nailoni, uuchomeke taratibu, uuzungushe. Maji yakiruka, umemaliza na hujatumia hata shilingi.

Hayo yote safi na bado kavu? Sasa ni impela, na hapa ndipo kwenye kazi.

Impela ni kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kinakaa ndani ya mguu na kuyasukuma maji juu. Huku kwetu hufa mapema kwa sababu ya mchanga. Maji yakiwa yamekupwa, hasa wakati wa bamvua (maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida), watu wanaondoka Kunduchi na Mbweni pangaboi likikoroga tope, na tope lile lote linapita kwenye impela. Sababu ya pili ni mafundi wanaojaribu mashine nchi kavu bila maji, "nasikiliza tu sauti". Nusu dakika inatosha kuuunguza mpira. Jaribu kwenye pipa la lita 200 lililokatwa juu, maji yapite lile bapa la juu ya pangaboi.

Dalili ya impela iliyochoka: kwenye sailensa mkojo unadondoka, ukivuta moto unapata nguvu kidogo, na honi inalia ukitembea polepole kwa muda mrefu, mathalani unapovuta mshipi au unapoingia bandarini.

Kuibadilisha, unashusha mguu. Bolti ni nne au tano, na moja hujificha, kwa hiyo kabla hujapiga nyundo hesabu tena. Kumbuka gea ilikuwa wapi na fimbo yake imekaaje. Ukifungua nyumba ya impela, pitisha ukucha ndani: ukikwama kwenye mikwaruzo, badilisha na nyumba pia, pamoja na kile kibati cha chini. Angalia ule ufunguo mdogo wa nusu mwezi, kipande cha chuma kinachoishika impela kwenye shafti, maana ukidondoka mchangani siku imeisha. Impela mpya ipake sabuni au grisi kidogo, iingize huku unazungusha shafti kwa mwelekeo wa saa ili mabawa yote yalale upande mmoja. Grisi ya meno ya shafti paka ubavuni, si kichwani, kwa sababu ikijaa juu mguu hautapanda hadi mwisho na utadhani bolti ni fupi. Bomba la maji liingie kwenye mpira wake sawasawa. Likikosea, umefanya kazi yote na mkojo hautoki.

Sasa lile wanalolisahau. Hesabu mabawa ya impela iliyotoka. Yalikuwa sita, yamebaki manne. Mawili yako wapi? Yamepanda na maji, yamekwama kwenye njia za juu au mlangoni mwa themostati, kile kidude kinachofungua njia ya maji mashine ikipata joto. Usipoyatafuta, impela mpya itasukuma maji kwenye ukuta.

Na spea: nilinunua impela kwenye duka moja la mjini, pakiti nzuri, maandishi mazuri, bei nusu. Haikumaliza miezi miwili, mabawa yakawa magumu kama soli ya kandambili ya zamani. Siku hizi naikunja bawa kwa kidole dukani pale pale. Lisiporudi haraka, narudisha kaunta.

Inalia ukikimbia tu, au omo (mbele ya boti) likishuka

Ukienda polepole kimya, ukivuta moto inalia, na pangaboi linapiga kelele ya kukata hewa: mashine imekaa juu mno. Boti zetu nyingi hutengenezwa kwanza, mashine hutafutwa baadaye, kwa hiyo ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine, unakuwa na kimo anachojua fundi seremala. Mashine ya shafti fupi ni ya ubao wa inchi 15, ndefu ni ya inchi 20. Lile bapa la juu ya pangaboi liwe sawa na sakafu ya nje ya boti au chini yake kidogo. Likiwa juu, matundu yananyonya hewa na povu badala ya maji. Hata mashine iliyokaa vizuri italia abiria wote wakihamia mbele kutazama kisiwa. Warudishe nyuma kabla hujafungua spana.

Mkojo ni mzuri, joto bado linapanda

Mkojo ni shahidi, ila si wa kuaminiwa kwa kila kitu. Kwenye mashine nyingi unaonyesha kwamba pampu inasukuma. Hauonyeshi kwamba maji yamezunguka silinda zote. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni themostati.

Mimi huipima kwa mama lishe. Naifungua, naisafisha, naining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria yake ya maji ya chai, haigusi chini. Maji yakiwa ya kuogea, mlango umefungwa. Yanapoanza kutoa vitone pembeni mwa sufuria, unaona kipete kinasogea, mlango unaachia, uzi ukiwa umebanwa mlangoni unachomoka. Nyuzi joto zake za kufungukia mara nyingi zimeandikwa kwenye bati lake: nyingi ni 50 au 60 hivi. Kama maji yamechemka na yeye bado kafunga mdomo, mtupe. Mama lishe mwenyewe sasa ananiuliza, "Leo kimeiva?"

Kuna ubishi wa siku zote pwani yetu: bahari ya Dar ni ya moto, themostati ya nini, toa kabisa. Sikubali. Maji yetu ni nyuzi 25 hadi 30 kulingana na msimu, hiyo bado ni nusu ya kile mashine inachotaka. Mashine inayofanya kazi baridi hula plagi, na foo-stroki baridi huacha petroli iteremke kwenye oili. Kuitoa ili ufike nyumbani, sawa. Kuiacha nje mwaka mzima ni kuua mashine polepole ukijisifu kwamba honi hailii.

Mtuhumiwa wa pili ni chumvi. Mashine isiyosuuzwa inajenga ukoko mweupe ndani ya njia za maji, unene wa ukoko wa chini ya sufuria ya ugali. Ukigundua mapema, siki ya kuzungushwa ndani na uvumilivu vinasaidia. Ukichelewa, ni kufungua mfuniko wa silinda, na bolti za mashine iliyokaa baharini hukatika kama karoti, kwa hiyo hiyo kazi mpe mtu aliyewahi kuitoa bolti iliyokatika. Unaposuuza kwenye pipa la maji baridi ya bomba, iache ipate moto kwanza. Themostati isipofunguka, umeosha pampu tu, ndani chumvi imekaa kimya. Dakika kumi zinatosha.

Gasketi ya kichwa iliyoungua huja baadaye, na hiyo ni mashine ya kufungua mezani.

Oili

Enduro (Yamaha za tu-stroki za kazi) nyingi za 15 na 40 za wavuvi wetu hazina tenki la oili, unachanganya mwenyewe kwenye petroli. Mashine ya namna hiyo haiwezi kukuonya oili ikipungua, maana haijui umeweka kiasi gani. Kipimo cha kawaida ni 50 kwa 1: dumu la lita 20 linakula mililita 400. Ikiwa mpya, wakati wa kulainika, huwa ni mara mbili ya hapo, kitabu chake kitakuambia kwa muda gani. Chupa iandikwe TC-W3, alama ya oili ya tu-stroki za boti zinazopozwa kwa maji. Oili ya tu-stroki ya pikipiki na misumeno ni ya mashine zinazopozwa kwa upepo, inaacha majivu kwenye plagi na ringi.

Zenye tenki lake huonyesha kijani, njano, nyekundu. Nyekundu inakuja na honi. Tenki tupu, jaza, mambo yameisha. Tenki limejaa na bado nyekundu? Kwenye zile zenye tenki mbili, moja ndani ya boti na dogo kwenye mashine, oili imeshindwa kupanda: chujio chafu, pampu imekufa, au bomba limekunjika. Au kipimo kinachoelea kimenata. Fungua utazame pia kama mawimbi yameingiza maji, kwa kuwa maji hukaa chini ya oili, na chini ndiko inakonyonya.

Foo-stroki ni habari nyingine. Mashine isimame wima, imezimwa, boti imetulia, vuta kijiti. Iko chini, ongeza. Iko sawa na honi ililia? Nusa kijiti. Ikinuka petroli na kipimo kimepanda juu ya alama, oili imechujuka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, kuna maji. Ikiwa safi kabisa, inaweza kuwa swichi, inaweza kuwa pampu ya oili, na kuna njia moja tu ya kujua: kufunga geji ya presha nchi kavu. Mimi hapo huomba kuvutwa. Usiijaribu tena "kidogo tu", kwa sababu bei ya kuvutwa na bei ya kreksha, shafti kuu ya ndani ya injini, hazikai meza moja.

Sasa waya

Mashine imelala usiku kucha, baridi kama jiwe, unafungua ufunguo na inalia bila kukoma: hapo ndipo ushuku umeme. Kwanza hakikisha si tabia yake, maana baadhi ya foo-stroki hulia au kuwasha taa ya oili ufunguo ukiwa wazi kabla hujawasha, presha haijajengeka.

Kwenye Yamaha nyingi swichi ya joto imechomekwa kichwani mwa silinda, waya wake ni wa pinki. Chomoa. Ikinyamaza, swichi imekufa imefunga, au kweli kuna joto. Ipime kwa mita: nyingi zikiwa baridi hazipitishi, zinapitisha maji ya sufuria yakikaribia kuchemka. Isiponyamaza, fuata waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku moja nilitafuta saa tatu, nikaukuta nyuma kabisa ya bloku, umesuguliwa na kishikio cha bati mpaka ganda limeisha, nyuzi nne tano za shaba zinagusa chuma kila boti ikidunda kwenye wimbi. Ndiyo maana ilikuwa inalia baharini na kunyamaza kwa fundi. Viunganishi navyo vifungue: ukikuta unga wa kijani ndani, huo ni chumvi inakula shaba.

Na ile isiyolia kabisa

Mashine ndogo za kuvuta kamba nyingi hazina honi, macho yako kwenye mkojo ndiyo honi. Lakini kama mashine ni ya kulia na hujawahi kuisikia, ipime. Fungua ufunguo, chukua ule waya wa pinki uliouchomoa, uguse kwenye chuma cha mashine. Lazima ipige.

Mwaka jana nilipelekwa Kigamboni kutazama boti inayouzwa, mashine inang'aa, mkojo umenyooka. Mwenyewe akaniambia, "Hii kaka, miaka mitatu haijawahi kulia hata siku moja." Nikaugusisha waya. Kimya. Nikafuata waya wa honi hadi chini ya dashibodi, nikaukuta umekatwa, ncha zote mbili zimevishwa utepe mweusi, kila moja peke yake, safi, na vizuri kuliko waya mwingine wowote kwenye ile boti.